AFYA YA JAMAA: Sefaleksini na Saa Zake



Juma hili twataka kuongea nawe juu ya dawa ambayo huenda imo nyumbani mwako sasa hivi, ndani ya kikopo juu ya kabati au katika bahasha ya karatasi iliyochomekwa darini. Jina lake ni sefaleksini. Juu ya sanduku huandikwa Cefalexin, na watengenezaji wengine huandika Cephalexin. Ni dawa ile ile. Kwa watu wazima huja katika kapsuli, yaani unga uliofungwa ndani ya ganda laini. Kwa watoto wadogo huja kama unga ndani ya chupa, nao huchanganywa na maji. Ni dawa njema sana. Lakini hutumiwa ovyo ovyo vijijini mwetu, na dawa njema ikitumiwa ovyo yaweza kumpoteza mtoto.

Asili yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1945, katika mji wa Cagliari, kisiwani Sardinia huko Italia, profesa mmoja jina lake Giuseppe Brotzu alichunguza maji ya bahari mahali ambapo mfereji wa maji machafu ya mji humwagika. Aliona kwamba maji yale yanajisafisha yenyewe kwa namna isiyo ya kawaida, akataka kujua sababu. Ndani yake akakuta kuvu, ukungu kama ule wa mkate uliooza, ambao hutoa kitu kinachoua viini vya magonjwa. Alitoa habari zake mwaka 1948, na kuvu hiyo ikapelekwa Oxford, Uingereza. Wataalamu wa huko, Edward Abraham na Guy Newton, walifanya kazi miaka mingi mpaka wakaijua dawa iliyomo. Kutokana na kazi hiyo ikatoka jamaa nzima ya dawa ziitwazo sefalosporini. Nyingine hudungwa kwa sindano, nyingine humezwa. Sefaleksini ni mmoja wa wakubwa katika wale wanaomezwa. Basi, kutoka mfereji wa taka! Mwenyezi Mungu hakosi mahali pa kuficha zawadi zake.

Sasa, yafanya kazi gani? Viini vile viitwavyo bakteria vina ukuta wa nje, kama nyumba. Kiini kikikua na kuzaana lazima kijenge ukuta mpya. Sefaleksini huwazuia mafundi wasijenge. Ukuta wabaki na nyufa, maji yaingia, kiini chapasuka na kufa. Mwili wa binadamu hauna ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa yaua viini bila kumwua mgonjwa. Na hapa angalia vizuri: virusi vya mafua na vya kikohozi cha kawaida havina ukuta huo. Viini vya malaria pia havina. Minyoo haina. Kwa magonjwa hayo, kumeza sefaleksini ni kupeleka fundi wa paa kwenye nyumba isiyo na paa.

Waganga huitoa hasa kwa magonjwa ya ngozi yenye usaha, kwa kidonda kilichoanza kuvimba na kuwa moto pembeni, kwa ugonjwa wa njia ya mkojo ambao siku hizi kila mtu auita U.T.I., na pengine kwa koo lenye usaha au sikio. Jipu lililokwisha kuiva ni habari nyingine. Hilo lataka kupasuliwa na mganga kwa chombo safi ili usaha utoke, maana dawa haipenyi vema ndani ya mfuko wa usaha. Wako watu wanaomeza kapsuli juma zima huku jipu limesimama kama kichuguu.

Mama mmoja ametuandikia. Mtoto wake wa miaka 4 alikuwa na homa siku tatu. Mumewe alikuwa amebakiza kapsuli za sefaleksini alizopewa kwa kidonda cha mguu. Alipoona kidonda kimekauka akaacha kumeza. Mama akafungua kapsuli moja, akagawa unga kwa macho, nusu ya asubuhi na nusu ya jioni, akauchanganya na uji. Siku ya pili homa ikashuka, akamshukuru Mungu. Siku iliyofuata ikapanda tena, na mtoto akawa amelegea. Atuuliza: aongeze dawa kiasi gani?

Tulimjibu kwa barua siku ile ile, kwa sababu jambo kama hilo halingoji gazeti. Tulimwambia: usiongeze hata chembe. Mchukue mtoto sasa hivi umpeleke zahanati, na kapsuli zilizobaki uende nazo, umwambie tabibu yote uliyompa na saa ulizompa. Usione haya. Mtoto mwenye homa lazima apimwe malaria kwa tone la damu, na kipimo hicho hakichukui hata nusu saa. Homa ya malaria yaweza kushuka na kupanda yenyewe. Iliposhuka haikuwa kazi ya sefaleksini, nayo ilimdanganya mama yule siku nzima. Mtoto aliyelegea, au anayetapika kila kitu, au asiyeweza kunywa wala kunyonya, au aliyeshikwa na degedege, hapewi dawa ya kikopo. Abebwe hima, hata kama ni usiku, hata kama mto umejaa na lazima kuita wanaume wa jirani.

Twalitaja swali hilo hapa kwa kuwa twajua mama huyo hayuko peke yake. Na baba naye ana sehemu yake. Aliacha dawa kabla ya siku alizopewa, akaweka akiba. Akiba ya mahindi ni busara, lakini akiba ya antibiotiki ni hatari ndani ya nyumba, kwa maana yangoja mtu wa kuila bila kupimwa.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Dawa za jamaa hii ya sefalosporini zafanana majina, lakini kazi zao si moja. Iko moja iitwayo sefiksimu, kwenye sanduku Cefixime. Mtu asema, «Zote ni sefa, nipe iliyopo.» Hapana. Sefiksimu ni hodari kwa viini fulani vya njia ya mkojo, lakini kwa viini vinavyoleta majipu mara nyingi, viitwavyo stafilokoko, haifai kitu. Mwaka 1 wa majipu waweza kutibiwa kwa dawa ghali isiyoyafikia. Shirika la Afya Ulimwenguni tangu mwaka 2017 limegawa antibiotiki katika mafungu matatu. Sefaleksini imo katika fungu la kwanza, la dawa za kuanza nazo kwa magonjwa ya kawaida. Sefiksimu imo katika fungu la pili, la dawa za kuangaliwa kwa makini, maana viini vyazoea upesi na kuwa sugu. Viini vingine vimekwisha kupata kitu kinachoikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Mgonjwa wa viini vya namna hiyo humeza, humeza, na usaha hauna habari.

Twende kwenye saa, kwani hapa ndipo watu wengi waaminifu wanapokosea.

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa 1 x 4, au 2 x 3. Namba ya kwanza ni kapsuli ngapi kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Lakini siku ya dawa si mchana tu! Siku ina saa 24. Sefaleksini hupita upesi mwilini. Katika saa moja hivi nusu ya dawa iliyomo damuni huondoka, na baada ya saa 8 karibu yote imekwisha kutoka katika mkojo. (Ndiyo sababu yafaa kwa ugonjwa wa mkojo: yapitia palepale penye adui.) Mtu akimeza asubuhi, mchana na saa kumi na mbili jioni, kisha akalala mpaka kesho yake, viini vyapata usiku mzima wa kujenga ukuta.

Ukiambiwa mara tatu, meza saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku. Ukiambiwa mara nne, kengele ya Malaika wa Bwana yakusaidia: asubuhi, saa sita mchana, na jioni. Ya nne ni saa sita ya usiku, na hiyo haina kengele. Kama huwezi kuamka, mwulize mganga. Wengi watakuruhusu kumeza ya mwisho unapokwenda kulala na ya kwanza mara tu uamkapo, na kwa magonjwa mengine aweza kukupangia kapsuli nzito zaidi mara mbili au tatu tu. Lakini apange yeye, usipange wewe.

Umesahau? Meza unapokumbuka. Ikiwa saa ya nyingine imekaribia, acha iliyopita uendelee na ratiba. Usimeze mbili pamoja ili kulipa deni. Waweza kuimeza kabla ya chakula au baada yake. Tumbo likichafuka, meza pamoja na chakula. Wengine watuuliza habari ya pombe. Pombe haiharibu sefaleksini, lakini mlevi hajui saa.

Na siku ni ngapi? Ni zile ulizopewa, usipunguze wala usiongeze. Kwa ngozi mara nyingi ni siku 5 mpaka 7. Kwa koo la mtoto lililoshikwa na viini viitwavyo streptokoko ni siku 10, hata kama siku ya tatu aimba na kucheza. Wazazi huona ugumu hapo, nasi twawaelewa, maana mtoto mzima kumpa dawa ni vita. Lakini koo hilo lisipotibiwa sawasawa laweza, baada ya majuma machache, kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Wako vijana wa miaka 20 wasioweza kupanda mlima kwenda shambani kwa sababu ya koo la utotoni. Ikiwa baada ya siku mbili au tatu za dawa ugonjwa wazidi, usingoje dawa iishe. Rudi kwa mganga.

Sasa hatari yenyewe. Kama wewe au mtoto wako aliwahi kudhurika kwa penisilini, ampisilini au amoksilini, mwambie mganga kabla hajaandika dawa. Sefaleksini ni ndugu yao, na sehemu moja ya umbo lake ni sawasawa na ya ampisilini. Si wote wanaokataa moja watakaokataa nyingine, ni wachache. Lakini aliyevimba uso au kubanwa pumzi kwa penisilini asijaribiwe nyumbani. Andikeni jambo hilo kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, juu ya kadi ya kliniki ya mtoto. Bibi atakayempeleka siku moja huenda halijui.

Mtu akimeza na kuanza kuwashwa mwili mzima, au midomo na macho yavimba, au kifua chatoa mlio, aache dawa na kukimbizwa hospitali saa ile ile. Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni kawaida, hupita. Kuharisha maji mengi au damu si kawaida, hata kukitokea majuma kadhaa baada ya kumaliza dawa. Hapo mwone mganga, wala usinunue dawa ya kufunga tumbo. Wanawake wengine hupata utando mweupe na kuwashwa sehemu za siri; kuna tiba yake. Mwenye figo mbovu hupunguziwa kiasi. Mwenye kisukari anayemeza metformini aseme, kwa maana sefaleksini huizuia isitoke upesi mwilini. Mama mjamzito au anayenyonyesha aweza kupewa, lakini aseme hali yake.

Mwisho ni ile chupa ya mtoto. Maji ya kuchanganya yachemshwe kwanza, yapoe kabisa, yamiminwe mpaka alama na yasipite. Ukitia ya moto waharibu dawa. Ukizidisha wapunguza nguvu. Tikisa kila mara kabla ya kupima, maana unga hutulia chini, na mtoto wa kwanza hupata maji, wa mwisho hupata dawa kali. Pima kwa kijiko au bomba lililokuja na chupa, lenye alama za mililita. Kijiko cha chai cha jikoni kimoja ni kikubwa, kingine kidogo. Nyingi ya chupa hizi zataka baridi. Kama huna friji, uliza palepale dirishani, kabla hujachanganya, kama iko ya kapsuli au vidonge inayomfaa mtoto kwa uzito wake, au kama waweza kuiweka ndani ya mtungi uliokaa katika mchanga wenye maji, penye kivuli. Andika tarehe ya kuchanganya juu ya chupa. Kwa kawaida dawa hudumu siku 7 mpaka 14, kama lebo isemavyo. Zikiisha, hiyo si dawa tena.

Zilizobaki katika kikopo zirudisheni zahanati. Usitupe chooni wala jalalani wanapochezea watoto na kuku.

Juma lijalo: maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na namna ya kuyapima bila mizani.