Motokari ya Zamani Ikishindwa Kipimo cha Moshi, Nani Alipe?

Katika jumuiya zetu kuna familia nyingi zenye ndugu huko Marekani. Wakongomani ni miongoni mwa vikundi vikubwa vya wakimbizi waliopokelewa katika nchi hiyo miaka hii ya karibuni, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili waliotoka mashariki mwa nchi yetu. Wakiisha kupata kazi, moja ya vitu vya kwanza wanavyotafuta ni motokari. Si anasa. Kazi za ghala na za viwanda mara nyingi huanza saa ambazo basi halipo, na katika miji kama Dallas au Phoenix mwendo ni mrefu. Uwezo wao unatosha kununua motokari yenye miaka kumi na tano au ishirini. Kisha inafika siku ya kufanya upya karatasi, motokari inapelekwa kwenye kipimo cha moshi, na jibu linatoka: imeshindwa.

Hapo ndipo shida inapoanza. Bila kupita kipimo, karatasi hazitolewi. Bila karatasi, kuendesha ni kutafuta faini. Bila kuendesha, kazi inapotea. Na kazi ikipotea kule, ada ya shule ya mtoto Bukavu na dawa ya mama Uvira nazo zinasimama. Kwa hiyo jambo hili linalofanana na habari za mafundi tu linatuhusu sisi pia. Tunauliza: je, sheria hii ni ya haki? Na gharama yake, nani alipe?

Tuanze na kipimo chenyewe. Tangu motokari za mwaka 1996, zile zinazouzwa Marekani zina kompyuta inayochunguza injini na moshi wake. Ikigundua kasoro, inawasha taa kwenye dashibodi na kuandika alama ya kasoro hiyo. Sehemu nyingi siku hizi mpimaji hahitaji hata kupima moshi wenyewe. Anaunganisha mashine yake na kompyuta ya motokari na kusoma yaliyoandikwa. Wengine hudhani wanaweza kufuta alama asubuhi ya kipimo ili taa izimike. Haisaidii. Kompyuta iliyofutwa inaonyesha kwamba haijamaliza kujichunguza, na motokari inarudishwa ikatembee kwanza kwa siku kadhaa.

Kasoro zenyewe hazilingani kwa bei. Kifuniko cha tangi kisichofunga vizuri kinaweza kuwasha taa, na kipya ni dola chache tu. Buji zilizochakaa au sensa ya oksijeni hugharimu zaidi kidogo. Kitu kinachotisha mfuko ni katalizeri, kile chombo kilichowekwa kwenye bomba la moshi ili kugeuza gesi za sumu ziwe gesi zisizo na madhara makubwa. Ndani yake kuna madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Kwa sababu hiyo bei yake, pamoja na kazi ya fundi, inaweza kupita dola 1,000. Katika jimbo la California inakuwa ghali zaidi, maana jimbo linakubali tu katalizeri zilizoidhinishwa kwa kanuni zake. Motokari iliyonunuliwa kwa dola 2,500 inaweza basi kudai karibu nusu ya bei yake kwa matengenezo ya siku moja.

Mtu akisikia hivyo, anaweza kusema kwamba sheria hii imetungwa na matajiri dhidi ya maskini. Hatukubaliani na neno hilo, ingawa tunaelewa uchungu ulio ndani yake. Moshi unaua. Huko London, msichana Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa akikaa karibu na barabara yenye magari mengi, alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9 baada ya kuteswa na pumu. Mnamo Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mama yake alipigana miaka mingi ili ukweli huo uandikwe. Sheria ya moshi iko kwa ajili ya watoto kama huyo, na mara nyingi watoto wanaokaa kando ya barabara kubwa ni watoto wa maskini.

Torati inatupa mfano mzuri. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuzungushia dari lake ukuta mdogo ili mtu asianguke akafa. Ukuta huo ni gharama, na anayelipa ni mwenye nyumba, kwa ajili ya uhai wa mtu mwingine. Kipimo cha moshi ni ukuta wa namna hiyo. Lakini Torati hiyohiyo, katika Kutoka 22:26, inamwagiza mdai arudishe kabla ya jua kuchwa vazi alilochukua kwa maskini kama rehani, maana maskini hana kingine cha kujifunika usiku. Sheria iliyo njema inajua mambo yote mawili: ukuta na vazi. Inamlinda jirani, na haimwachi maskini alale uchi.

Tukitazama Marekani kwa macho hayo, tunaona majimbo yakitofautiana. California ina mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo ambao motokari zao zimeshindwa. Kwa motokari ya mwaka 1996 au baadaye, msaada wa matengenezo umefika hadi dola 1,450. Anayeamua kuiacha kabisa amewekewa hadi dola 2,000. Hilo ni vazi lililorudishwa.

Texas ilikuwa na mpango unaofanana, na fedha zake zilitoka katika ada waliyolipa wenye motokari wenyewe. Mwaka 2017 gavana alizuia fedha hizo katika bajeti, na mpango ukafifia. Tangu Januari 2025 jimbo hilo limeondoa ukaguzi wa kila mwaka wa usalama kwa motokari nyingi, lakini kipimo cha moshi kimebaki katika wilaya 17, zikiwamo za Dallas, Fort Worth na Houston. Ukuta umebaki, vazi limeondoka. Sheria ya nchi nzima, ile ya 1990, ilikwisha kuona hatari hiyo: iliruhusu motokari iliyotengenezwa kwa angalau dola 450, kiasi kinachopandishwa kufuatana na bei, ipewe msamaha hata ikiwa bado haijapita. Ni huruma ndogo, maana asiye na hata hizo za kuanzia habaki na njia.

Sasa tujiulize: motokari ambayo mwenyewe ameshindwa kuitengeneza huenda wapi? Nyingine huvunjwa. Nyingine hupanda meli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilihesabu motokari ndogo milioni 14 za okazioni zilizouzwa nje ya nchi zao kati ya 2015 na 2018, nyingi zikielekea nchi za kipato cha chini na cha kati. Sehemu kubwa ilikuja Afrika. Mnamo Oktoba 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichapisha ripoti juu ya motokari zilizokuwa zikisafirishwa kutoka bandari zao kuja Afrika. Nyingi zilikuwa na miaka kati ya 16 na 20, nyingi hazikuwa na cheti halali cha ukaguzi, na baadhi zilikuwa zimeng'olewa katalizeri, ikauzwa kwa ajili ya madini yake.

Sisi tunazijua motokari hizo. Zinatoka Antwerp hadi Matadi, au zinatoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam hadi Kasindi na Kasumbalesa. Tunazipanda kila siku. Gharama iliyokataliwa kule haikufutika. Imevuka bahari, na huku analipa mama anayeuza mikate kwenye mzunguko, polisi wa barabarani anayesimama katika moshi tangu asubuhi, na mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda shule. Wanalipa kwa mapafu yao, na hakuna anayewapa risiti.

Kwetu kuna kontroli tekiniki katika sheria. Lakini kila dereva anajua kwamba karatasi inaweza kupatikana bila motokari kuguswa. Karatasi ya namna hiyo ni ukuta uliochorwa kwa chaki juu ya dari. Majirani wetu wamechukua hatua: Kenya haikubali kuingiza motokari iliyozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imekataa zilizozidi miaka 15. Sisi pia tunahitaji kipimo cha kweli, na mafuta yenye salfa kidogo, maana salfa huharibu katalizeri hata ile iliyo nzima.

Hata hivyo tuonye jambo moja. Tukidai sheria kali pasipo msaada, tutarudia kosa lile lile tunaloliona kule. Mwenye teksi mmoja mara nyingi analisha watu kumi. Akiambiwa leo kwamba motokari yake haifai tena, bila muda wala mkopo, tutakuwa tumemchukulia vazi lake. Afadhali kuanza na mabasi ya dizeli yanayotoa moshi mweusi na magari ya serikali yenyewe, kutoa muda unaojulikana, na ada ya kipimo iwekwe katika mfuko wa kusaidia matengenezo, ikihesabiwa hadharani.

Na kanisa? Kwa ndugu walio Marekani tunasema: msikimbilie kununua katalizeri. Ombeni karatasi inayoonyesha alama ya kasoro, na mtafute chanzo, kwa kuwa injini inayokula oili au isiyowaka vizuri itaiua katalizeri mpya kama ilivyoua ya zamani. Kama motokari haijapita miaka 8 na maili 80,000, karibu kilomita 129,000, ulizeni kwa muuzaji wa kampuni hiyo, maana sheria inamtaka mtengenezaji adhamini katalizeri na kompyuta hadi hapo. Ulizeni juu ya msaada wa jimbo kabla ya kulipa fundi, kwa sababu ukikwisha kulipa mara nyingi hurudishiwi. Na makanisa ya huko yanaweza kufanya kitu kidogo chenye faida kubwa: kununua kile kifaa kidogo cha kusomea alama, kumtambua fundi mwaminifu kati ya washarika, na kuweka mfuko wa mkopo bila riba kwa ajili ya siku hiyo mbaya.

Kwa sisi tulio hapa, tuanze na motokari zetu wenyewe. Jumuiya nyingi zimepokea motokari za okazioni kutoka kwa marafiki wa Ulaya, na tumeshukuru. Je, tumewahi kuuliza kama katalizeri bado ipo? Je, motokari ya misheni inayotoa moshi mweusi mbele ya shule yetu ya msingi imekwisha kupelekwa kwa fundi, au tunangoja isimame kabisa? Katika bajeti ya mwaka tunaandika mafuta ya motokari kila mara. Kwenye kikao kijacho, tuandike pia mstari wa matengenezo, na tuufuate.