Kufiwa si Aibu: Kifo cha Ghafla cha Mwanariadha Chipukizi na Lugha ya Kuomboleza

Wahenga walinena kuwa kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii imebeba mpangilio mzima wa maombolezo. Kuna aliye karibu na msiba, ambaye sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika. Na kuna wa mbali, ambaye wajibu wake ni kuitikia. Hata hivyo, mwanariadha kijana anapofariki ghafla nchini Kenya, mpangilio huu hupinduliwa. Wa mbali ndio huanza. Redio hutangaza, simu hulia, viongozi hutoa rambirambi, na kabla ya jua kuchomoza taifa zima limekwisha kulia. Aliyekimbia na marehemu alfajiri ya jana huamka akakuta kilio chake kimeliliwa na watu ambao hawakupata hata kumpa marehemu mkono.

Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum aliaga dunia katika ajali ya gari kwenye barabara ya kutoka Eldoret kuelekea Eldama Ravine. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa ameshiriki marathoni tatu tu maishani mwake, Valencia mwaka 2022, kisha London na Chicago mwaka 2023, na zote tatu akashinda. Kule Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, alimaliza kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akawa binadamu wa kwanza kukimbia marathoni rasmi kwa muda usiofika saa 2 na dakika 1. Rekodi hiyo iliidhinishwa na shirikisho la riadha duniani tarehe 6 Februari 2024. Siku tano baadaye mwenye rekodi hakuwapo.

Ndani ya gari hilo alifariki pia kocha wake, Gervais Hakizimana, raia wa Rwanda aliyekuwa na umri wa miaka 36. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji, na alimjua Kiptum tangu akiwa mtoto mchunga mifugo aliyewafuata wanariadha njiani bila viatu. Katika taarifa nyingi za tanzia, jina la Hakizimana lilikuja katika kirai: Kiptum amefariki "pamoja na kocha wake". Wanafunzi wa sarufi wanajua maana ya kuwekwa katika kirai. Familia moja nchini Rwanda haikufiwa na kirai. Ilifiwa na mtu.

Neno hilo "kufiwa" linastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndani yake Kiswahili kimehifadhi busara ambayo wasemaji wake wameanza kuisahau. Mzizi ni -f-. Kitenzi "fa" hakimgusi mwingine: mtu hufa, basi. Kiongezwapo kiambishi cha kutendea, kinakuwa "fia". Na kiongezwapo cha kutendwa, kinakuwa "fiwa". Kwa mnyambuliko huo, kifo kinaacha kuwa tukio la marehemu peke yake na kuwa jambo lililomfika aliye hai. Sarufi inakiri kwamba katika kila kifo kuna watu wawili: aliyekufa na aliyefiwa. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: jamii inamhesabu nani kuwa mfiwa?

Mzazi huhesabiwa. Mjane na watoto huhesabiwa. Je, na yule kijana aliyemwekea marehemu kasi mazoezini kila Jumanne? Na yule waliyepanga naye chumba kimoja kambini, wakipokezana zamu ya kupika ugali na kuosha sufuria? Na mpinzani wake, ambaye kwa miaka mitatu alilala na kuamka akiwaza namna ya kumpita? Hao hawana kiti katika hema la wafiwa. Hutajwa kwa jumla kama "wanariadha wenzake", huvalishwa fulana zenye picha ya marehemu, na hutarajiwa kubeba jeneza kwa hatua za kishujaa. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, kundi huondoka tena likiwa na pengo moja katikati, wala hapana alitajaye.

Kimya hiki kina lugha yake. Kenya nzima kijana aliyefiwa huambiwa "jikaze kisabuni". Huambiwa kwamba mwanamume halii, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba machozi hayamrudishi marehemu. Hakuna ubaya katika imani wala katika ushujaa. Kasoro ipo katika wakati wa kuyatamka maneno haya. Kauli kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni faraja itokapo kinywani mwa mfiwa mwenyewe, baada ya kulia na kutulia. Itokapo kinywani mwa mpita njia, siku ya pili ya msiba, huwa ni amri ya kunyamaza. Ukweli ni uleule, lakini mmoja ameufikia kwa miguu yake na mwingine amesukumiwa.

Kwa mwanariadha, amri hii ni nzito maradufu. Yeye amefunzwa tangu utotoni kuwa maumivu ni kitu cha kupuuzwa. Mguu unapochoma katika kilomita ya thelathini, hauulizwi habari. Adabu hiyo humshindia medali, lakini ni mwalimu mbaya wa msiba. Huzuni haipitwi kama mpinzani kwenye kilima. Ikipuuzwa, hujitokeza kwa njia nyingine: usingizi hupotea, hamu ya chakula huisha, hasira hupanda pasipo sababu, na wengine huiendea chupa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa mwanariadha hula kwa miguu yake, kwamba msimu haungoji mtu, na kwamba kazi yenyewe ni dawa ya majonzi. Hoja hii haifai kubezwa. Kwa familia nyingi za Elgeyo Marakwet, Nandi na Uasin Gishu, mbio ni shamba, ni karo na ni paa la nyumba. Isitoshe, ni kweli kwamba mwili unaosogea hustahimili kuliko uliojikunyata gizani. Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha kwamba wafiwa wakimbie. Haithibitishi kwamba wakimbie kama kwamba hapakutokea neno.

Mila za Afrika Mashariki zililijua hili zamani. Pwani kuna matanga, kuna hitima, kuna arobaini. Mfiwa hupewa siku zenye majina, ili ajue ameingia wapi na atatokea wapi. Miongoni mwa Waluo kulikuwa na tero buru, ambapo wanaume waliswaga ng'ombe hadi mipakani kwa mbio, nyimbo na vita vya kuigiza, wakikifukuza kifo kitoke bomani. Ni maombolezo yanayofanywa kwa miguu. Mila hizo zinatofautiana kwa mengi, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja: huzuni hupewa muda, mahali na kitendo. Kambi ya mazoezi haina matanga. Timu ya chuo kikuu haina arobaini. Mchezaji akifariki Jumatano, dakika moja ya kimya hutosha Jumamosi, kisha kipenga hupulizwa.

Mfano wa njia nyingine haupo mbali. Tarehe 13 Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 26. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 na mshindi wa nishani mbili za shaba za mita 10,000, London mwaka 2017 na Doha mwaka 2019. Wenzake hawakuishia kwenye fulana. Wanariadha, miongoni mwao Viola Cheptoo na Joan Chelimo, waliunda shirika la Tirop's Angels, lililowapa wanawake mahali pa kuyasema yanayowasibu majumbani. Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa la lugha: walikiita kifo kile kwa jina lake, ukatili, wala si "ajali" wala "mapenzi ya Mungu". Mwezi uliofuata Cheptoo alikimbia marathoni ya New York akamaliza wa pili. Kuomboleza hakukumzuia kukimbia, wala kukimbia hakukumnyima kuomboleza.

Kulitaja jambo kwa jina lake ndiko kunakohitajika katika vifo vingine pia. Samuel Wanjiru, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mjini Beijing mwaka 2008, alifariki Nyahururu mwezi Mei 2011 baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake, akiwa na miaka 24. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, kwa sababu ya maradhi ya moyo ambayo hayakuwa yamejulikana. Barabara, roshani, ukatili, moyo: kila kimojawapo kina somo lake kwa waliobaki, na somo hilo hupotea pale sababu zote zinapofunikwa kwa blanketi moja la "ghafla".

Kwa mintarafu hii, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila timu ya chuo na kila kambi iwe na desturi inayojulikana kabla msiba haujafika: nani atawapasha wenzake habari ana kwa ana kabla hawajazisoma kwenye simu, mazoezi yatasimama siku ngapi, na mbio za kwanza baada ya mazishi zitakuwa za polepole, za pamoja, pasipo saa mkononi. Pili, mshauri nasaha aende kwa wachezaji uwanjani; asingoje kijana aliyefunzwa kustahimili abishe hodi ofisini. Aidha, arudi baada ya miezi mitatu, wakati waombolezaji wa mbali wameshasahau.

Tatu, na hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, utanzu wa maombolezo urejeshewe hadhi yake. Tanzia, taazia na mbolezi hufundishwa darasani kama istilahi za kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi anaweza kuzieleza zote tatu asiweze kumwandikia rafiki yake aliyefiwa sentensi mbili zenye maana. Chuo kinapompoteza mchezaji, chama cha Kiswahili ndicho kinachopaswa kuwaendea wenzake, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuandika mbolezi ambayo ndani yake marehemu anaonekana alivyokuwa: alivyocheka, alivyochelewa mazoezini, deni lake la kantini lisilolipwa. Sifa za "shujaa" na "nyota iliyozimika" zimechakaa kwa kutumiwa na wasiomjua. Aliyemjua ana maneno yake, ila hajaulizwa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hakuna kasi inayoyapita mauti, na Kiptum aliyeupita kila mwendo uliojulikana hakuyapita. Lakini asubuhi ile ya tarehe 12 Februari 2024 palikuwa na vijana waliofunga kamba za viatu wakimngoja mtu ambaye hangekuja. Hao nao walifiwa. Kiswahili kina kitenzi chao; kinachobaki ni kuwapa nafasi ya kukinyambua kwa sauti zao wenyewe.