Kaburi Bila Jina Ni Stori Imefutwa

Wasee, leo tuongee kuhusu makaburi. Usipite, si stori ya majini.

Pale Gede, karibu na Malindi, kuna kaburi la mawe ya matumbawe lenye mwaka uliochongwa kwenye plasta: 802 wa Hijria, yaani 1399. Hiyo ni miaka 99 kabla Vasco da Gama afike Malindi. Mtu akikwambia ati huku hakukuwa na miji mpaka Mzungu alipokuja, huna haja ya kubishana. Mwonyeshe hilo kaburi. Tarehe hiyo moja imesaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo mengine pale, na 2024 UNESCO ikaiingiza Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa njoo huku kwetu Kuresoi. Tunazika shambani, kando ya ua. Msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi. Na mvua ya huku si unaijua? Miaka kumi tu, msalaba umeoza na waru imepandwa juu. Halafu kuna 1992, kuna 2007 na 2008: familia zilikimbia zikaacha kila kitu, hata wafu wao. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo akiuliza shosho amelala wapi, nani atamwonyesha?

Najua utasema makaburi ya mawe ya Pwani yalijengewa wenye uwezo. Ni kweli. Lakini mimi siongelei marumaru. Naongelea simiti kidogo na msumari, uandike kabla ikauke: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Na shosho aandikwe jina lake mwenyewe, si "Mama Fulani" tu.

Kama mila yenu haitaki kaburi lijengwe, sawa, heshimu. Chukua daftari, keti na wazee, andika majina wangali wanayakumbuka.

Na tusielewane vibaya: kaburi si hati ya shamba, wala si la kumfukuzia jirani. Ni la kusema tu kwamba huyu mtu aliishi.

Mimi niliacha chuo, lakini hii kazi haihitaji digrii. Wikendi hii piga simu nyumbani. Unaweza kutaja jina kamili la mama wa babu yako?