Wahesabiwe Pia Waliobaki Hai

Taarifa za kambi za matibabu ya moyo Afrika Mashariki zimeshapata umbo lake. Madaktari bingwa wamewasili kutoka ng'ambo, wameungana na wenyeji kwa siku kadhaa, watoto wamefanyiwa upasuaji wa kufungua kifua na watu wazima wamezibuliwa mishipa kwa mrija unaopitishwa mkononi au kwenye paja. Mkurugenzi anataja fedha zilizookolewa kwa kutowapeleka India. Mama mmoja anatokwa machozi ya furaha mbele ya kamera, na mtangazaji anahamia michezo.

Furaha hiyo ni ya haki. Kizazi kilichopita, mtoto wa Mbeya au Kisumu aliyezaliwa na tundu kwenye moyo aliishi kwa kudra za Mungu na michango ya harambee. Leo ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na Nairobi hospitali zaidi ya moja hufanya kazi hizo.

Kuna mstari mmoja tu unaokosekana katika habari hizo. Baada ya siku 30, wangapi wako hai? Wangapi walipata kiharusi, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya kuvuja damu? Na wenzao wenye ugonjwa uleule waliobaki kwenye vidonge wanaendeleaje? Majibu mara nyingine hupatikana katika majarida ya kitaalamu, kwa Kiingereza, miaka kadhaa baadaye. Msomaji wa gazeti huambiwa kwamba kazi imefanyika, na kutokana na hilo anadhani kwamba imesaidia. Tiba za moyo na ini zina historia ndefu ya kazi zilizofanywa kwa ustadi mkubwa bila kumsaidia mgonjwa.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walikuwa wakiwafunga wagonjwa wenye maumivu ya moyo mishipa miwili ya damu inayoteremka ndani ya kifua. Wazo lilitoka Italia: damu ikizibiwa njia hapo, itatafuta njia nyingine ya kufika moyoni. Wagonjwa wengi waliamka wakisema wamepata nafuu, na mwaka 1957 jarida la Reader's Digest likausifu upasuaji huo kwa mamilioni ya wasomaji wake. Ndipo Leonard Cobb na wenzake wa Seattle wakachukua wagonjwa 17, wakawapasua ngozi wote, na kuamua kwa bahati nasibu nani afungwe mishipa na nani asifungwe. Wagonjwa 8 walifungwa. Wengine 9 walishonwa tu, wakarudishwa wodini wakiamini wametibiwa. Matokeo yalipotoka mwaka 1959, walioshonwa tu walikuwa na nafuu ileile ya wenzao, na upasuaji huo ukaachwa. (Wagonjwa hawakuelezwa kila kitu, kamati ya maadili ya leo isingekubali.)

Swali la Seattle lilirudi London mwaka 2017, safari hii kwa ridhaa ya wagonjwa. Rasha Al-Lamee wa Chuo cha Imperial aliongoza utafiti wa watu 200 wenye mshipa mmoja wa moyo uliobana sana, wenye maumivu yanayokuja wanapotembea au kupanda ngazi. Wote walipewa dawa kamili kwanza. Kisha wote wakalazwa mezani, wakawekewa mrija na kuvalishwa vipokea sauti masikioni ili wasisikie mazungumzo ya madaktari. Nusu waliwekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Nusu hawakuwekewa chochote. Baada ya wiki 6 walipimwa kwenye mashine ya kukimbilia, na tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa sekunde 16.6, ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Kundi hilohilo la watafiti halikuishia hapo. Mwaka 2023 lilitoa matokeo ya watu 301 ambao, tofauti na wale wa kwanza, walikuwa wameachishwa dawa za maumivu ya moyo, na mara hii stenti ilipunguza maumivu kweli. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2020, utafiti wa watu 5,179 katika nchi 37 ulionyesha kwamba kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, kukimbilia kuzibua mishipa hakukupunguza vifo wala kumwongezea miaka kuliko kuanza na dawa.

Hapa inafaa kusema jambo moja bila kuzunguka. Mtu mwenye shambulio la moyo hivi sasa, kifua kinabana, jasho linamtoka, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, huyo anahitaji mshipa wake uzibuliwe haraka, na ushahidi wa hilo ni mkubwa. Aliache gazeti aende hospitali. Wanaozungumziwa ni wale wanaopangiwa tarehe. Familia inayouza kiwanja ili baba aliyetulia awekewe stenti ina haki ya kujua kwamba inanunua unafuu wa maumivu, jambo jema na la thamani, na kwamba haijanunua miaka. Ni wachache wanaoambiwa hivyo kabla kiwanja hakijapata mnunuzi.

Ini nalo lina kisa chake, pengine kikali zaidi. Ini likijaa makovu, damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo hukosa pa kupita, shinikizo hupanda, na mishipa ya umio huvimba hadi kupasuka. Mgonjwa hutapika damu beseni zima. Mwaka 1877 Nikolai Eck wa Urusi alijaribu kwa mbwa kuunganisha mshipa mkuu wa ini na mshipa mkubwa unaorudi moyoni, damu ipite kando bila kuingia kwenye ini. Kuanzia miaka ya 1940 upasuaji huo ukaingia hospitalini Marekani, na ripoti za mafanikio zikamiminika.

Mwaka 1966 Grace, Muench na Chalmers walikusanya ripoti 51 za upasuaji huo na kuzipanga kwa namna utafiti ulivyofanywa. Ripoti 32 hazikuwa na kundi la kulinganishia, na 24 kati yake ziliusifu sana. Nyingine 15 zilikuwa na kundi la kulinganishia lililochaguliwa na madaktari wenyewe. 10 ziliusifu sana. Zilibaki 4 ambazo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Iliyousifu sana haikuwepo hata moja. Jedwali hilo dogo linastahili kubandikwa katika kila chumba cha habari, kwa sababu linaonyesha shauku ya daktari inavyoyeyuka kadiri kipimo kinavyokuwa cha haki. Na sababu haikuwa siri. Kutapika damu kulipungua kweli, lakini sumu ambazo ini lilipaswa kuzichuja zilikwenda moja kwa moja kwenye ubongo, na wagonjwa walipona tumbo wakachanganyikiwa akili. Ivan Pavlov alikuwa ameliona hilo kwa mbwa tangu mwaka 1893: walipokula nyama, walivurugikiwa.

Kwa watu wa Ziwa Victoria habari hii iko jirani. Kichocho cha tumbo huacha makovu ndani ya ini, na wavuvi na wakulima wa kando ya ziwa hufikishwa hospitali wakitapika damu, wengine wakiwa bado vijana. Dawa mojawapo inayotumika ni propranololi, kidonge cha bei ndogo kilichotengenezwa kwa ajili ya moyo. Didier Lebrec na wenzake wa Paris walionyesha mwaka 1981, kwa wagonjwa 74 wa ini lenye makovu, kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 96 ya waliokitumia hawakuwa wametokwa damu tena, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopewa kidonge kitupu. Miaka miwili baadaye watafiti wa London walijaribu na hawakuona faida. Zilihitajika tafiti nyingi zaidi kabla dawa hiyo haijakubalika, na faida iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko ile ya Paris, ingawa ni ya kweli.

Dawa nyingine ya bei ndogo haikuwa na bahati hiyo. Asidi ya traneksamu husaidia damu kuganda, na imeokoa maisha ya majeruhi wa ajali. Ilionekana dhahiri kwamba ingefaa pia kwa anayetapika damu. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya wagonjwa 12,009 katika nchi 15, Nigeria na Misri zikiwemo: vifo havikupungua, na damu kuganda ndani ya mishipa, miguuni na kwenye mapafu, kuliongezeka maradufu, kutoka asilimia 0.4 hadi 0.8. Bila kundi lililopewa dawa tupu, kila aliyepona angehesabiwa kuwa ameponywa na sindano hiyo.

Ushahidi unaozihusu familia za hapa zaidi, hata hivyo, umetoka Uganda. Katika maeneo haya ugonjwa mkubwa wa moyo kwa vijana huanza na koo la kawaida la mtoto, lile la bakteria, ambalo lisipotibiwa huweza kuleta homa inayoshambulia viungo na kisha kuharibu valvu za moyo. Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, pamoja na Andrea Beaton wa Cincinnati na wenzao, walipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti mioyo ya watoto zaidi ya 100,000, na utafiti ukawahusisha 818 wenye dalili za awali ambazo mzazi asingeziona. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Nusu waliangaliwa tu. Katika kundi la sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3, sawa na asilimia 0.8, katika kundi la pili, watoto 33, asilimia 8.2. Wawili walipata madhara makubwa yatokanayo na sindano, mmoja wao akiwa na mzio usio mkali.

Sindano hiyo hiyo, kwa mgonjwa ambaye valvu zake zimeshaharibika vibaya, inadai tahadhari. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba baadhi ya vifo vya ghafla vilivyofuata sindano, vilivyodhaniwa kuwa vya mzio, huenda vilitokana na moyo dhaifu kushindwa kuhimili maumivu na mshtuko. Wagonjwa wa namna hiyo wapewe vidonge. Muuguzi wa zahanati anahitaji kuyajua yote mawili.

Mwaka huohuo ulileta mshangao mwingine. Wagonjwa wa valvu ambao mapigo yao yamevurugika hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Ya zamani ni warfarini, iliyoanza maisha yake kama sumu ya panya, na inayomlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara. Mpya ni rivaroksabani, ghali zaidi, isiyohitaji vipimo hivyo. Wengi walitarajia mpya ishinde au angalau ilingane. Katika watu 4,531 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, waliokufa kwenye kundi la dawa mpya walikuwa 552; kwenye kundi la dawa ya zamani, 442, na hawakuvuja damu zaidi. Wapo wanaodhani kwamba kumwona daktari kila mwezi kwa ajili ya kipimo ndiko kulikosaidia. Vyovyote iwavyo, hospitali ya wilaya isiyo na kipimo cha kuganda kwa damu inakosa kifaa kilichoshinda dawa ya kisasa, na hakuna waziri anayekata utepe kukizindua.

Wanaopinga kutangaza matokeo wana hoja. Hospitali inayopokea wagonjwa mahututi itaonekana mbaya kuliko inayochagua wepesi, na daktari akiogopa magazeti atamkataa mzee wa hatari. Jimbo la New York lilikutana na hofu hiyo. Lilianza mwaka 1989 kukusanya vifo vya upasuaji wa mishipa ya moyo, likizingatia uzito wa ugonjwa wa kila mtu, na gazeti la Newsday likaenda mahakamani na kushinda ili takwimu za kila daktari zitolewe. Kufikia mwaka 1992 vifo, baada ya kuzingatia uzito huo, vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 4.17 hadi 2.45. Wataalamu bado wanabishana kama kushuka huko kulitokana na kutangazwa, na kama kweli baadhi ya wagonjwa walikwepwa.

Kinachotokea pasipo hesabu kinajulikana pia. Huko Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi Stephen Bolsin alilalamika kwa miaka kuhusu vifo vya watoto waliopasuliwa moyo, na aliishia kuhamia Australia. Uchunguzi ulioongozwa na Ian Kennedy uliripoti mwaka 2001 kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto wachanga 30 hadi 35 zaidi walikufa hapo kuliko ambavyo ingetarajiwa katika hospitali ya kawaida. Madaktari hao walikuwa na bidii, na wazazi wengi waliwashukuru.

Tanzania na Kenya zina sheria za haki ya kupata taarifa tangu mwaka 2016, Uganda tangu 2005. Mhariri anayetuma mpigapicha kwenye kambi ya upasuaji anaweza kutuma na barua inayoomba mambo manne: waliofanyiwa kila aina ya tiba, uzito wa ugonjwa wao walipoingia, waliofariki ndani ya siku 30, na waliopata kiharusi au kurudishwa chumba cha upasuaji. Jina la mgonjwa halihitajiki, wala la daktari.