Kikwembe cha mama si chakula cha sheni

Wamotari wa Beni na Butembo, leo tunaongea na ninyi. Kifuniko cha sheni munakitoa kwa nini? Munasema matope inajaa ndani, kukaza sheni inakawisha kazi. Ni kweli. Lakini Boxer na TVS zinatoka kiwandani nacho, na kukirudisha ni kufunga buloni chache tu.

Mama anapanda kwa upande, mtoto mgongoni, kikwembe kinaning'inia. Sheni ikikamata ncha yake, haiachi: inavuta kitambaa, kisha inavuta mtu.

Na ninyi polisi wa barabara: munaomba plaki, kaske, karatasi. Sheni wazi munaiona, munanyamaza! Hatuombi amande mpya, maana raia anajua feza ya barabarani inaishia mfukoni.

Tunaomba hivi: vyama vya wamotari vikague kila moto asubuhi, pale parking. Patron anunue kifuniko mbele ya kudai feza yake ya siku. Na wewe abiria, ukikuta sheni wazi, usipande. Ita motari mwingine.