NDIZI NA KIINGEREZA CHAKE

Kijana wa Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba, amaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha aingia kidato cha kwanza na kutakiwa ajifunze karibu kila kitu kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo katika shule nyingi za serikali tangu 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi.

Aandika: "I bought banana." Mwalimu apiga mstari mwekundu, darasa lacheka, basi. Sababu haambiwi.

Na sababu ipo, wala si ujinga. Sisi twasema "nimenunua ndizi", iwe moja au mkungu mzima. Idadi hujulikana kwa neno lifuatalo: ndizi hii, ndizi hizi. Kiingereza hakina subira hiyo. Jina la kawaida la kitu kihesabikacho, kikiwa kimoja, halisimami pweke: sharti litanguliwe na "a", "the", "my", au neno la namna hiyo. Zikiwa nyingi, ni "bananas".

Maji ni taabu nyingine. Kwetu maji yamemwagika, kama vile maembe yameiva. Kihaya nacho chasema amaizi, kwa ama- ile ile ya wingi. Mtoto aandikaye "the water are" amefuata kwa uaminifu kanuni za lugha zake mbili. Vivyo hivyo "informations": habari zetu zahesabika, moja, mbili, tatu, Waingereza wamekataa kuzihesabu. Hukubali kuhesabu "shillings" lakini "money" hawakubali, na kwa nini, waulizwe wenyewe.

Wako wasemao kwamba dawa ni kupiga marufuku Kiswahili katika eneo lote la shule. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtoto ataonaje kosa lililotoka katika lugha asiyoruhusiwa kuitaja? Mwalimu na aandike "ndizi hii, ndizi hizi" ubaoni, kando yake aandike "a banana, bananas", kisha aonyeshe mahali njia zinapoachana. Afanye hivyo kwa maji, kwa habari, kwa samani. Vipindi vichache vyatosha, navyo havihitaji fedha ya mfadhili yeyote.

Tena vitolewe mapema, katika kidato cha kwanza. Mwisho wa kidato cha nne kijana huyo ataandika majibu ya Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza hicho hicho, na msahihishaji atakayeyasoma hatakuwa na nafasi ya kumwuliza alikusudia ndizi ngapi.