Kitu cha Wote Kitatunzwa na Nani?

Huko Buhare, katika Manispaa ya Musoma, kipo Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Wanaohitimu hapo huenda kufanya kazi na wananchi vijijini na mitaani, na huko hukutana na swali la siku nyingi: kitu cha wote kitatunzwa na nani? Swali hilo limezoeleka kuhusu pampu na bomba la maji. Leo hapana budi liulizwe pia kuhusu mashine ambazo wananchi walio wengi hawajapata kuziona.

Mwanafunzi afunguapo simu kutazama matokeo ya mtihani wake, huona kioo tu. Nyuma ya kioo hicho zipo seva, yaani kompyuta zinazozihudumia kompyuta nyingine. Katika vituo vikubwa, seva nyingi huunganishwa zikafanya kazi kama moja. Data haiwekwi ndani ya kila seva, bali katika makabati ya diski ambayo seva zote huyafikia kwa nyaya na swichi. Hilo ndilo ghala la pamoja. Faida yake ni dhahiri: seva moja ikifa, nyingine huendeleza kazi, kwa kuwa data haikuwamo ndani ya ile iliyokufa. Lakini ghala lenyewe likiharibika, seva zote hubaki mikono mitupu.

Wataalamu waliitambua hatari hiyo mapema. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kupanga diski nyingi ili moja ikifa, data yake ipatikane kutokana na zilizobaki. Njia hiyo imeenea duniani kote, na imestahili kuenea. Hata hivyo imezaa imani potofu kwamba ghala la namna hiyo hujilinda lenyewe. Mpangilio huo ni kinga dhidi ya kufa kwa diski. Si kinga dhidi ya amri mbaya. Faili likiamriwa kufutwa, diski zote hutii.

Mwezi Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kutunza nakala ilibadilishwa huku ikiendelea kufanya kazi. Ikafuta mafaili yapatayo milioni 34 katika ghala la kompyuta kuu ya chuo, yenye ukubwa wa terabaiti 77, mali ya vikundi 14 vya watafiti. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa chochote. Septemba 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza ghala la nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, ambalo halikuwa na nakala mahali pengine. Nchi hizo mbili hazikosi mashine wala mafundi. Kilichokosekana ni utaratibu wa utunzaji.

Tanzania inalifahamu somo hili kwa njia ya maji. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mitambo mingi ilijengwa, na mingi ikanyamaza, kwa sababu ujenzi ulikuwa na fungu lake na utunzaji haukuwa na mwenyewe. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisisitiza wananchi wenyewe wamiliki na kuendesha miradi yao.

Wapo wasemao kwamba nchi changa inunue mashine kwanza, utunzaji utafuata. Hoja hiyo ndiyo iliyozinyamazisha pampu. Ghala la data linaponunuliwa, siku hiyo hiyo itengwe fedha ya diski za akiba, na atajwe mtu wa kuwajibika. Diski iliyokufa ibadilishwe mara moja, kwani ya pili ikifuata huenda data isipatikane tena. Njia mbili za nyaya zijaribiwe kwa kuizima moja kwa makusudi. Nakala iwekwe mji mwingine, na irudishwe kwa majaribio, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Na kila tendo liandikwe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Walimu wa sekondari wana nafasi ya kuanza leo. Shule yenye kompyuta moja tu yaweza kuwakabidhi wanafunzi kazi ya kutunza nakala mbili za orodha ya alama, moja ikiwa nje ya jengo, na kila muhula kujaribu kuifungua ile ya pili. Siku itakaposhindwa kufunguka, watakuwa wamejifunza jambo ambalo Kyoto ilijifunza kwa hasara kubwa.